Kidonda Kilichongoja Desemba

Mama yangu alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote katika darasa la wagonjwa wa sukari, na sisemi kwa upendeleo, maana mimi na yeye tuligombana sana. Kila mwezi alishuka kutoka kwetu migombani hadi hospitali mjini Moshi, daftari kwapani. Nesi akisema ndizi zipungue kwenye sahani, mama anaandika. Akisema mkague nyayo zenu kila jioni kwa kioo, mama ananunua kioo siku hiyohiyo. Jumapili baada ya ibada aliwakusanya wagonjwa wenzake na kuwafundisha yote aliyosikia. Waliokwenda shambani peku aliwakemea vibaya.

Mimi nilikuwa Dar, najifanya daktari kwa simu. "Shikamoo mama. Umepima? Pombe ya mbege umeacha?" Ananijibu, "Marahaba. Hivi ni mimi niliyekuzaa, au wewe ndiye uliyenizaa?" Nilichoshwa na ubishi wake. Oktoba moja nikamwambia kwa hasira kwamba akiugua tena, Desemba hakuna mtu kwenda nyumbani. Nitamleta Dar atibiwe huku.

Watu hututania Wachaga kwamba Desemba tunakwenda nyumbani kuhesabiwa. Watanie tu. Kwa mama, mwaka mzima ulikuwa maandalizi ya wiki ile moja: mbuzi anayenoneshwa ndani, ulezi wa mbege, mablanketi ya wajukuu. Aliposikia maneno yangu alisema tu, "Haya," nami nikadhani nimeshinda.

Desemba hiyo tulikwenda ndugu wote sita na watoto wetu. Mama alituhudumia amevaa soksi nene na viatu vya kufunika, tukamtania kuwa siku hizi amekuwa bibi wa mjini. Alicheka mpaka machozi. Sikumwona na furaha ile tena.

Wenzangu walipoondoka, mwaka mpya umeshaingia, ndipo akavua soksi mbele yangu. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, cheusi, kinanuka. Alikuwa amekiona tangu Novemba. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu dawa aliijua na aliiacha kwa makusudi. Nikamfokea. Mungu anisamehe, nilimfokea mama yangu huku nimeushika mguu wake.

Hospitali waliukata chini ya goti. Alipozinduka nilimwomba radhi kwa yale maneno ya Oktoba. Akanipapasa mkono, akasema, "Lakini si mlikuja wote?"

Hakumaliza mwaka. Tulimzika migombani, karibu na baba.

Desemba iliyopita nilikwenda peke yangu. Mmoja alikuwa na kazi, mwingine gari bovu, wengine hawakutoa hata sababu. Nilipika mtori wa ndizi na nyama sufuria nzima, kwa mazoea. Nikakaa barazani nikisikiliza magari yanayopanda barabarani, nikimkumbuka mama. Tulimwacha atoe mguu ili tuje, na sasa hakuna anayetuzuia, hatuji.