Dirisha la Dakika Moja

Ukitaka kumuudhi Mama Dozi, mwambie kwamba siku za ule ugonjwa duka lao la dawa lilifanya kazi nzuri. Atakutazama toka utosini hadi unyayoni, kisha atakuuliza, "Nzuri kwa nani?" Na usipokuwa na jibu la haraka, utaondoka hapo umeoga bila maji.

Jina hilo alipewa na wateja wenyewe. Kwa miaka kumi na tisa ya kuuza dawa hakumruhusu mtu aondoke bila kumwambia, "Umalize dozi, usije ukanirudia hapa unalia." Mkali kama pilipili, lakini siri ya mtu ikishaingia kwake haitoki. Siri hizo zilisemewa kwenye chumba kidogo nyuma ya pazia, chenye viti viwili na feni inayokwaruza. Humo ndimo mshonaji wa mtaa wa nyuma alimochukulia dawa zake za kifafa kila mwezi. Mumewe, aliyefanya kazi mji wa mbali, alijua. Mama mkwe hakujua, wala wateja wake hawakujua, na ilibidi iwe hivyo, maana wapo watu wazima na akili zao wanaoamini kwamba kifafa kinaambukiza kwa kugusana. Anayeogopa kuguswa naye atampelekeaje kitambaa? Siri ikitoka, cherehani imekufa.

Ugonjwa ulipoingia mjini, mwenye duka, ambaye kila mtu humwita Bosi, alifunga mlango, akatoboa dirisha kwenye ukuta wa mbele, akaweka kioo kinene chenye tundu dogo. Chini akachora mistari myeupe, mita moja kati ya mtu na mtu. Hayo yote sawa, hayana ubaya. Kisha akajaza kile chumba maboksi ya barakoa na vitakasa mikono mpaka darini.

"Na wa kuzungumza faragha?" Mama Dozi aliuliza.

"Faragha wakati watu wanakufa? Kila mteja dakika moja. Asiyejua anachotaka apishe wenzake."

Mama Dozi alinung'unika. Tusimpambe: alinung'unika tu, hakukataa. Tena baada ya juma moja akaanza kujisifu kwamba kabla ya saa sita mchana ameshahudumia watu mia.

Sasa jaribu kusema ugonjwa wako hapo. Una barakoa mdomoni, kioo kiko katikati, pikipiki zinanguruma mgongoni, na watu kumi na watano wamesimama wima hawana kazi nyingine ila kukusikiliza. Siku moja mzee mstaafu aliinama kwenye tundu akanong'ona.

"Sema kwa sauti, mzee, sisikii."

Akanong'ona tena.

"Dawa ya nini?"

Mzee akachoka. "Ya bawasiri!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Basi mzee, pikipiki usipande!" alipaza sauti mmoja. Mwingine, wa wale wanaojiona wana hekima, akaongeza, "Mwacheni, mficha maradhi kifo humuumbua." Mzee alichukua dawa yake akaondoka bila kumtazama mtu. Mama Dozi naye, kule nyuma ya kioo, alicheka. Alicheka kidogo, lakini alicheka.

Aliyefuata alikuwa mshonaji. Alisogea, akageuka nyuma, akawaona watu bado wanafuta machozi ya kicheko.

"Nipe vidonge vya kichwa," alisema.

"Pole, mwanangu. Na maji unywe. Haya, anayefuata!"

Juma la pili akaja tena. Vidonge vya kichwa. Juma la tatu vilevile, na Mama Dozi akafurahi moyoni kwamba huyu angalau anajua anachotaka.

Siku tatu baadaye, asubuhi, alifungua daftari la wagonjwa wa kudumu ili awaandalie wazee wa sukari na presha vifurushi vya kupelekewa nyumbani. Kidole kilipofika kwenye mstari wa mshonaji, kikasimama. Dawa zake zilikwisha siku kumi na nne zilizopita. Mama Dozi akahesabu tena. Ndani ya siku hizo kumi na nne mwanamke huyu alisimama mbele ya dirisha mara mbili, wakatazamana, akapewa vidonge vya kichwa na kusukumwa aondoke.

Hasira zikampanda. Alianza kumkasirikia mshonaji mwenyewe, maana ndivyo binadamu tulivyo, aliyeumia ndiye wa kwanza kulaumiwa. Kisha Bosi na maboksi yake. Kisha foleni yote ile yenye meno nje. Kupiga simu hakukufaa, kwa kuwa simu ya kazi ya mshonaji hupokewa na mama mkwe, na mama mkwe huyo anapenda kuuliza. Basi Mama Dozi akavua koti lake jeupe, akaling'oa kifungo kimoja kwa meno, akatia dawa za miezi miwili mfukoni mwa koti, akatoka. Bosi alipomuuliza anakwenda wapi, alisema, "Kushona."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kwenye kigoda. Ndani, mshonaji alikaa mbele ya cherehani, mkono wa kulia umefungwa bandeji toka kiwiko mpaka kiganja.

"Kaanguka juu ya pasi, dada," alisema mama mkwe. "Kizunguzungu tu. Hali chakula huyu! Nikimwambia ananiona mbaya."

"Shikamoo, mama," alisema mshonaji, macho chini.

"Marahaba. Nimekuletea koti. Kifungo kimetoka, na mfuko uutazame."

Mshonaji alitia mkono wa kushoto mfukoni. Uso wake haukubadilika. Alilaza koti mezani, akaweka miguu kwenye cherehani na kuanza kuikanyaga kwa nguvu, sindano ikichoma hewa tupu. Kwa kelele ile mtu wa mlangoni asingesikia kitu.

"Sogea," alisema. Mama Dozi akainama.

"Pasi ilikuwa ya moto. Nilizinduka nasikia harufu, sikujua ni ya mkono wangu. Nashukuru nilikuwa peke yangu."

"Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Niseme wapi? Nimekuja mara tatu. Wewe unajua ninachomeza, pale dukani hakuna mwingine anayejua. Mara zote tatu ulinitazama usoni."

"Watu walikuwa wengi, na lile dirisha la Bosi..."

"Si la Bosi. Anayekaa pale ni wewe." Miguu haikupunguza mwendo. "Na yule mzee alipochekwa, nawe ulicheka. Ulivaa barakoa, lakini macho niliyaona."

Mama Dozi alisema neno moja tu, "Nisamehe," na cherehani ikalimeza.

Alirudi dukani karibu anakimbia. Hakuomba ruhusa. Alilivuta boksi la kwanza akalitupa katikati ya duka, na la pili, na la tatu, Bosi akipiga kelele kwamba bidhaa zitaharibika.

"Ziharibike! Mtu ameungua mkono!"

"Mtu gani?"

"Sikwambii. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kutokwambia!"

Mpaka jioni chumba kilikuwa wazi. Dirisha lake la nyuma, lililopigiwa mbao miaka mingi, alilifungua likatazama uchochoroni, mteja asimame nje peke yake, anong'one kadiri apendavyo, hewa ipite. Bosi alinuna siku nne. Kisha alipoona watu wanakuja, akaanza kuwaambia wenzake kwamba wazo lilikuwa lake.

Wa presha walikuja uchochoroni, na wa sukari, na vijana wenye mambo yao. Hata yule mzee mstaafu alikuja, akasema shida yake mara moja, kwa sauti ya chini, akasikika. Miezi miwili ikaisha hivyo. Siku ya mshonaji ilipofika, Mama Dozi alikaa dirishani toka asubuhi. Pakiti aliiweka juu ya paja. Kila kivuli kilichopita aliinua kichwa.

Jioni Bosi alichungulia. "Mbona huyo uliyenimwagia maboksi kwa ajili yake haji?"

Mama Dozi alijua kwa nini haji: anayekaa dirishani bado ni yuleyule aliyecheka, na hakuwa na mwingine wa kumkasirikia. Alisimama, akavua koti, akatia pakiti mfukoni, akatafuta kifungo kingine, akakiuma.