Loshoro ya Angani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hata nikiwa kanisani. Ni siku ile Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, alipokataa kushuka kwenye chombo cha angani mbele ya nusu ya watu wa Ngaramtoni.

Usinitazame hivyo. Chombo chenyewe kilikuwa mabenchi ya ukumbi wa kanisa, tumeyazungushia maboksi na kuyabandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali iliporuhusu bidhaa za nje. Maduka yamefunguka, mjini Arusha kuna biskuti za kila nchi, na huwezi kutembea mitaa miwili bila kukuta kibanda cha video. Mimi nilikuwa binti niliyeishia darasa la saba, najifunza cherehani, lakini kichwa changu hakikai duniani. Nikitoka kibandani nautazama Mlima Meru, naona mahali pa kutua chombo.

Basi nikatunga igizo. Watu watano wanakwenda kwenye nyota ya mbali, safari ya miaka. Je, watakula nini? Hilo lilinisumbua kuliko injini. Injini unasema tu ilikuwa na nguvu sana, watu wanakubali. Chakula kila mtu anakijua, humdanganyi mtu. Nikabuni kidonge: unameza kimoja asubuhi, umeshiba mpaka kesho. Tukavitengeneza kwa unga wa mahindi uliokaangwa na sukari, tukaviviringa na kuvianika juu ya bati.

Koko alikuwa amehamia kwetu baada ya babu kufariki. Alikuwa akikaa karibu na mlango wa jiko kama mgeni anayesubiri gari. Lakini alipoviona vile vidonge, akasogea mwenyewe.

"Hii ni dawa ya ng'ombe?"

"Hapana, Koko. Ni chakula cha kwenda angani."

Akachukua kimoja, akakinusa, akakiuma kwa lile jino lake la pembeni. "Kigumu hiki. Nani anakipika?"

"Hakipikwi."

"Nani anagawa?"

"Hakuna wa kugawa. Kila mtu ana vyake mfukoni, anakula kwenye kona yake."

"Na maziwa?"

"Huko hakuna ng'ombe, Koko."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa hao watu wanafuata nini huko?"

"Wanataka tu kujua kuna nini."

Hapo akaugeukia ule mlima. "Kama ni hivyo sawa," akasema. "Hata mimi ningependa kujua. Wanawake wanaruhusiwa kupanda?"

Nikaona nimepata mtu wangu, maana katika kikundi chetu cha vijana wa kanisa hakuna msichana aliyekubali kuigiza bibi. Koko akakubali siku hiyo hiyo.

Nikuambie igizo lenyewe. Chombo kinapata ajali, vidonge vinapungua, na nahodha, ambaye ni mimi, anaona kwamba mmoja lazima ashuke ili wengine wafike. Bibi anajitolea. Anafungua mlango, anaingia gizani, nasi tunaimba. Niliona nimetunga kitu kizuri ajabu. Nililia nikiandika! Kwenye mazoezi Koko alifanya kila nilichomwambia. "Nishukie wapi? Hapa? Haya." Wiki ile mama alilalamika kwamba Koko anarudisha sahani ikiwa na chakula karibu chote, eti wapewe watoto. Nilisikia, nikaendelea kushona suti za angani.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tulianza vizuri. Kisha Lomayani, kijana aliyekuwa fundi wa injini, akatoa kidonge chake, akatupa mgongo, akaanza kutafuna. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Wewe! Morani gani anakula peke yake? Rika lako liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kwetu Waarusha, mwanangu, kijana wa rika hilo hanywi hata maziwa bila mwenzake wa rika kuwa pembeni yake. Ni jambo nililokua nalo, na bado niliwaweka wote kwenye kona kwa sababu ndivyo video ilivyoonyesha. Maskini Lomayani alisimama na shavu limevimba, hajui ameze au ateme.

Nikajikaza, nikatoa sauti ya nahodha. "Bibi! Vidonge vimebaki vinne. Mlango uko wazi."

Koko hakuinuka. Nilidhani amesahau, nikainama na kumnong'oneza, "Koko, shuka."

Akanitazama. Aliponijibu hakuwa akiigiza, na sidhani kama kuna mwingine aliyemsikia.

"Naserian, kwani ndivyo mnavyosema nyumbani nikiwa sipo, kwamba mimi nimezidi?"

Zile sahani alizokuwa akirudisha zilinijia akilini, moja baada ya nyingine. Nikavua kofia yangu ya boksi ili anione uso.

"Hapana, Koko. Hatujawahi. Wallahi hatujawahi," nikasema, mimi Mlutheri.

Akanichunguza kidogo. Kisha akavuta shuka lake, akakaa vizuri kwenye benchi, akasema kwa sauti ya kufika mpaka nje: "Basi sishuki! Leteni hivyo vidonge vyote hapa."

Tukavileta. Akaangua rada yetu, ambayo kusema kweli ilikuwa sufuria ya mama, akavitia humo na kuvisagasaga kwa kitako cha kibuyu alichokuwa amekificha chini ya shuka. Kisha akakifungua hicho kibuyu, akamimina mtindi, akakoroga.

"Loshoro!" mtu akapiga kelele, maana mahindi na mtindi ndicho chakula chetu. "Loshoro ya angani!"

Ukumbi mzima ukasimama. Lomayani na mwenzake wa rika wakanywa pamoja, bega kwa bega, mzee wa nyuma akapiga makofi. Sufuria ilipomfikia Koko, akataka kunipitishia mimi. Nikaishikilia.

"Kunywa wewe kwanza, Koko. Nahodha ameamuru."

Akanywa. Akanywa tena, mdomo ukabaki mweupe. Kama chombo kilifika kwenye nyota sijui, hakuna aliyeuliza. Ninachojua ni kwamba jioni ile alivuta kigoda katikati yetu, akamaliza sahani yake, na akamwambia mama chumvi ilikuwa kidogo.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayechora roketi pembezoni mwa daftari. Chora. Mimi sitakuzuia. Lakini ukijenga dunia yako huko, na chakula kikapungua, usianze kwa kuhesabu nani atoke. Anza kwa kuwaita waliomo wakae pamoja, ndipo mtazame mna nini. Na hapa hapa nyumbani, ukimwona mtu anarudisha sahani imejaa, muulize siku hiyo hiyo. Muulize kwa upole, na ungoje jibu.

Mungu akupe kichwa cha kufika mbali, akupe na watu wa kukusogezea benchi popote utakapotua. Usile peke yako kwa kukosa mwenzako, wala mwingine asilale njaa kwa kukuonea haya. Nenda vizuri, mwanangu. Amina.