Mkono Uliozoea Kumpa

Kwa miaka kumi na minne Munira Mbwana alikuwa analipwa ili afungwe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa maneno hayo, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kwenye klabu ya tenisi ya Mikoroshini, pembezoni mwa Kinondoni, watu kama yeye waliitwa wapigishaji. Husimama upande wa pili wa neti ili mwanachama asiye na mwenzake apate wa kucheza naye. Mpigishaji mzuri hamkimbizi mwanachama. Humpelekea mpira pale mkono wake unapofika, na gemu ikikaribia mwisho hukosea kidogo, kwa adabu, bwana mkubwa akaenda kuoga huku anapiga mluzi.

Munira alikuwa hodari kuliko wote. Alijua nani anaumwa goti na nani amegombana na mkewe asubuhi ile, na kila mmoja alimpikia mpira wake kama uji wa mgonjwa.

Alikulia Chamazi. Jirani yao, mzee Mwinjuma, mtunza viwanja wa klabu, ndiye aliyemleta akiwa na miaka kumi na mmoja kuokota mipira. Wanachama wakishaondoka, mzee alimpa raketi iliyokatika nyuzi mbili na kumsimamisha mbele ya ukuta. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimwambia ana miguu ya mbuzi na akili ya kuku, na kwamba kwa bahati mbaya mkono wake ni wa mchezaji. Munira alipofika miaka ishirini hapakuwa na mwanamke pale ambaye angemshinda, kama angeruhusiwa kushinda. Ila wapigishaji hawakuingia mashindanoni. Katibu wa klabu, bwana Revelian, alikuwa na jibu lake moja: mpishi haketi mezani na wageni.

Mwaka huu mpishi aliitwa mezani kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Mashindano makubwa ya klabu, yanayokusanya wachezaji wa mikoa yote, yalipata wanawake kumi na watano, na ratiba ilitaka kumi na sita. Revelian akamwita Munira ofisini. Wakati huohuo klabu ilikuwa inatafuta kocha wa wanawake, na sharti la kwanza lilikuwa awe amewahi kutwaa ubingwa wa wanawake. Munira, ambaye hakuzoea kuomba, aliomba. Revelian akacheka, akawatazama wajumbe wawili waliokuwepo, akasema, "Ukibeba kombe, ukocha wako."

Munira ana miaka thelathini na minne. Goti la kushoto huvimba kila Ijumaa. Kocha husimama akielekeza, wengine wakakimbia. Mpigishaji goti likikataa, huonyeshwa geti. Kwa hiyo hakulitaka kombe kwa ajili ya kabati. Alilitaka kwa ajili ya goti.

Alishinda mechi tatu. Akina mama wanachama waliokaa chini ya turubai waliulizana kwa sauti ya kusikika kama ule ushungi wa Munira hautashika moto kwa jua lile, na mmoja akajibu kwamba wa Chamazi hawaungui, wameshakaangwa. Walicheka. Munira naye alitabasamu, kwa kuwa kutabasamu kulikuwa sehemu ya kazi.

Fainali ikamkutanisha na Eliaichi.

Eliaichi ana miaka kumi na minane, ni binti wa Madam Felicitas wa Madale, na kwa miaka sita Munira alikuwa akimpigisha kila asubuhi kabla ya shule. Alimpokea akiwa mtoto anayelia akikosa mpira. Felicitas hakutaka mtoto akate tamaa, akaweka utaratibu: Eliaichi akizidiwa, agonge raketi mara mbili kwenye soli ya kiatu, na Munira ampe mipira ya upande wa kulia, kwenye mkono wake wenye nguvu, mpaka moyo urudi. Hata binti alipokua na kutolia tena, aligonga. Munira hakuwahi kulijadili. Mkono ulisikia ile sauti ya kugonga, ukafanya.

Seti ya kwanza ilikwenda haraka. Munira alimpiga kushoto, akamvuta mbele, akampitishia mpira juu ya kichwa. Sita kwa mbili. Pale turubaini maneno yakakauka. Seti ya pili akawa mbele nne kwa moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alihisi utamu wa kumkimbiza mtu. Alimpenda yule binti, lakini siku ile alimkimbiza bila huruma, na hakuona aibu.

Walipobadilishana upande, Eliaichi alipita karibu na uzio aliposimama mama yake. Felicitas alimwambia neno moja au mawili, akampa maji. Binti akarudi uwanjani, akainama, akagonga soli ya kiatu mara mbili.

Munira alisikia. Alijua yuko fainali, anajua ni gemu ya ngapi. Alijiambia ampige kushoto. Mpira ukaenda kulia, wenye kasi ya kiasi, kwenye kimo cha kiuno, mahali ambapo Eliaichi alipapenda kuliko pote duniani. Binti akaumalizia.

Pointi iliyofuata aligonga tena.

Mzee Mwinjuma, aliyekuwa ameegemea roli la kushindilia udongo, alisonya mpaka mwamuzi akamtazama. Munira alikaza meno. Alijaribu kushoto kwa nguvu, mpira ukatoka nje. Alijaribu tena, ukapiga neti. Mkono haukujua njia ya katikati: ama kumpa, ama kukosa. Na kila gemu Eliaichi aligonga kile kiatu, taratibu, bila kumwangalia usoni. Nne kwa mbili, nne kwa tatu, nne kwa nne. Seti ikaenda kwa Eliaichi, sita kwa nne. Ya tatu ilikuwa kama mazoezi ya asubuhi, isipokuwa watu walikuwa wanapiga makofi. Sita kwa tatu.

Kwenye neti binti alimshika mkono kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na machozi, huenda ya kweli.

"Usinichukie, dada Munira," alisema kwa sauti ya chini. "Mama ndo alinambia. Kasema we gonga tu, yule hawezi kujizuia."

Munira akamwambia amecheza vizuri. Ndivyo alivyokuwa akimwambia siku zote.

Revelian alikabidhi kombe, na kwenye kipaza sauti akamshukuru pia "mpigishaji wetu" kwa kumpa bingwa mazoezi mazuri. Watu walicheka kwa upole. Munira alimfuata pembeni, akamkumbusha kwamba amefika fainali, kwamba mshindi mwenyewe ni kazi ya mikono yake. Revelian hakukasirika. Alimweleza kama anayemfundisha mtoto hesabu. "Sasa Munira, mie nikawaambie nini wajumbe? Kocha gani anafungwa na mwanafunzi wake?" Kisha akatazama saa, akamwonyesha uwanja kwa kidevu. Fainali ya wanaume ilikuwa inasubiri, na mzee Mwinjuma mgongo ulikuwa umemkaza.

Munira akachukua jamvi la wavu la kusawazishia udongo, akiwa bado na jasho la mechi.

Udongo mwekundu hauna siri. Kila mpira unapotua huacha alama, na Munira alizisoma tangu utotoni. Alama za mipira ya Eliaichi zilikuwa zimetapakaa kila mahali: pembeni, mbele, kwenye mistari. Za kwake alizijua kwa ufupi wake, alama za mpira usio na kasi. Kila upande wa neti alama hizo zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, mkono wa kulia wa yule binti, hata udongo umechimbika kidogo, kama mahali kuku wanapolishwa kila siku.

Mwinjuma alichechemea mpaka pale, akatazama alichokuwa anakitazama.

"Kupiga nilikufundisha mie," alisema. "Huku kugawa ulikutoa wapi?"

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye roli lake.

Munira alivuta jamvi kuanzia pembeni, akizunguka kuelekea kati kama inavyotakiwa, akapitisha pale palipochimbika mara moja, kisha mara ya pili. Palifutika. Alikuwa anafagia mistari Felicitas alipokuja uzioni, kombe likiwa kwapani.

Alimpongeza. Akasema binti amechaguliwa kwenda Nairobi baada ya wiki tatu, muda ni mfupi, hivyo kesho saa kumi na mbili waanze. "Ila usimkimbize sana, si unamwona alivyochoka?"

Goti lilikuwa linapwita. Munira alikuwa bado anatafuta la kumjibu aliposikia sauti yake mwenyewe, laini, yenye heshima, imeshajibu.

"Sawa, madam."