Mzee Asiyetoa Mvuke

Juzi, kwenye baridi ya Laeken, huku ughaibuni, nilimwona mjukuu wangu Neema akiwapigia kelele wenzake uwanjani, mvuke ukimtoka mdomoni. Nikakumbuka Jumapili moja alipokuwa mdogo. Jana yake alicheza mpira, asubuhi tulisali, na mchana nikamburuta hadi mtaa wa Saint-Josse kuwagawia supu wasio na makazi, pamoja na akina mama wa kanisa. Sikutaka kulea mtoto mvivu.

Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba roho ni pumzi. Neema akalishika neno hilo kama lilivyo: kila mvuke uliotoka kinywani mwa mtu, yeye aliona roho.

Supu ilinukia vitunguu, watu walikohoa. Mzee mmoja alikaa peke yake kwenye benchi, macho wazi.

"Bibi, huyu hana roho."

"Koma! Bon, haya, mpe supu."

"Yake imekwisha, Bibi. Tazama mdomo."

Nikatazama. Wengine wote walitoa mvuke, yeye hapana. Nikamgusa shavu. Jiwe.

Gari la wagonjwa lilimchukua bila haraka. Njiani nilimgombeza Neema kwa kumkodolea maiti macho. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Usigombeze, Bibi. Ukigombeza inatoka nyingi."

Nikanyamaza mpaka nyumbani.