Ndinda, tangawizi na maji ya kisima

Jua limeshapanda ukuta wa ua, na Ndinda Musyoka hajakaa kitako tangu alfajiri. Chupa zake mbili za chai ziko tupu kando ya mlango. Amepiga magoti mbele ya gunia lililojaa udongo, anaingiza vidole pembeni, anapapasa.

Hivyo ndivyo anavyovuna tangawizi. Haing'oi. Anatafuta tawi la pembeni, analivunja kiasi cha kutosha chai ya kesho, anafukia, na mmea unaendelea na maisha yake kana kwamba haukuibiwa kitu.

Leo anapapasa kuona kama kuna kilichosalia, na kipande kinachotoka kimesinyaa na kulainika. Anakitupa. Anahamia gunia la pili, kisha la tatu, na hali ni ile ile.

“Nimechoka,” anasema, na sauti yake haina hasira. “Hata sijui nimechoka na lipi kwanza.”

Ndinda ana miaka hamsini na mitatu. Alishuka Mombasa kutoka Kitui akiwa msichana kutafuta kazi za nyumbani, na mji ukamkalia mwilini. Siku hizi anauza chai ya tangawizi Mwembe Tayari, pale yanapopakia mabasi ya bara. Kikombe ni shilingi ishirini. Siku ikiwa njema, hurudi na faida ya shilingi mia sita au mia saba. Siku mbaya hataki hata kuizungumzia.

Anaishi chumba cha chini katika nyumba moja ya vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu. Mwenye nyumba, Bi Shukri, mjane wa miaka sabini na kitu, anakaa ghorofani. Chumba hulipiwa kodi, lakini ua Ndinda amepewa bure. Ndipo alipopanga magunia tisa ya tangawizi, kwenye kivuli cha ukuta, na kila mwaka hupanda masika yanapoanza.

Kinachomuuzia chai ni hiyo tangawizi mbichi, iliyotoka udongoni jana yake. Wateja wanaijua. Tangu arudi safari amekuwa akitia ya sokoni, kavu, na mpakiaji mizigo mmoja aitwaye Dancan alimwambia mbele ya watu kwamba chai yake imekuwa maji ya moto yenye sukari. Kesho yake Ndinda alimwona Dancan na kikombe mkononi kwenye meza ya jirani. Anasema hakumlaumu, ila moyo ulimuuma.

Safari yenyewe ilikuwa ya msiba. Simu ilipigwa usiku, kwamba mama yake yu taabani. Asubuhi Ndinda alifunga kanga mbili, akapanda ngazi na kumwomba Bi Shukri amtilie tangawizi maji. Basi likamchukua. Alimuuguza mama yake, akamzika, na siku ya pili baada ya mazishi akageuza, huku ndugu zake wangali wamekaa matanga. Alihofia chai, alihofia magunia. Hayo yote yalikula wiki tatu.

Alichosahau kusema ni maji yapi.

Kisima cha uani ni cha miaka mingi, na kama visima vingi vya hapa kisiwani, maji yake yana chumvi. Asumini ya Bi Shukri huyanywa ikachanua. Mrehani wake vilevile. Tangawizi haiyawezi. Ndinda alilijua hilo kwa hasara, mwaka wake wa kwanza, na tangu hapo hununua maji matamu, dumu kwa dumu, kwa mwenye mkokoteni anayeitwa Kaingu.

Bi Shukri alichota kisimani kila jioni, kwa magoti yake mabovu, wiki zote tatu.

Ndinda alirudi akakuta majani yamekauka kuanzia nchani. Tangawizi ikikomaa hukauka hivyohivyo, na bibi alimpokea kwa furaha akimwambia zimewiva. Ndinda akashukuru. Siku ya pili akashukuru tena. Juma zima amekuwa akishukuru, na usiku hapati usingizi. Mtu amekufadhili ua, akakuchotea na maji. Utamwambiaje kwamba ameiua mimea yako, usionekane una asante ya punda?

Anapoanza kuyapindua magunia ili atenganishe lililo zima na lililooza, ngazi inalia. Bi Shukri anashuka, mkono mmoja ukutani. Anakaa kwenye kigoda, anatazama kazi, kisha anaashiria magunia mawili ya pembeni, nyuma ya tangi.

“Yale nisamehe, mwanangu,” anasema. “Kule magoti hayakunifikisha. Sikuyatia hata tone.”

Magunia hayo mawili, ambayo Ndinda aliyadhani yamekufa kama mengine, yamenyauka kwa kiu, ila mashina yake ni ya kijani. Kati ya tisa, ndiyo pekee yaliyopona.

Ndinda anaacha kuchimba. Anafuta mikono kwenye kanga, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Bi Shukri,” anasema, “maji ya kisima yana chumvi. Tangawizi haiyataki. Kosa ni langu, sikukwambia.”

Bibi anayatazama yale saba, halafu yale mawili. Hahitaji kuelezwa zaidi.

“Na juma zima wanishukuru,” anasema. “Kwa nini hukunambia?”

“Ulichota kwa magoti hayo, Bi. Ningeanzia wapi?”

“Ungaanzia hapo kwenye chumvi.” Amekasirika, na hafichi. “Mimi si mtoto wa kufichwa. Ungakwenda tena kwenu, ningamtuma mtu ayatie maji yayo hayo, na hayo mawili yangakufa.”

Kisha anamwita Kaingu, ambaye mkokoteni wake unasikika kichochoroni, na kumwagiza dumu moja la maji matamu kila siku. Ndinda akiwa hayupo, lipelekwe nyuma ya tangi, alimimine yeye mwenyewe Kaingu. Bibi atakaa kwenye kigoda na kuangalia.

Ndinda anatarajia magunia mawili yatakomaa Januari, na hatayagusa kwa chai hata mpakiaji amtukane namna gani. Yote yatakuwa mbegu ya masika. Mpaka hapo atauza chai ya tangawizi kavu, na atakayekunywa atakunywa.

Lakini kabla ya hapo, Desemba, ana safari ya Kitui.

“Mamangu bado sijamlilia,” anasema. “Nilizika nikifikiria magunia. Sasa kuna wa kuyatilia maji. Nitakaa mpaka nimlilie nimalize.”