Twilumba Aliyatema Maua ya Roshani

Usiku ule tuliolala nyumbani tulikuwa wanne, nami nitatutaja wote asije mtu akasema bibi ameongeza watu. Nilikuwepo mimi, Magreta, ambaye wasichana wenzangu wa zamani waliniita Mashoto kwa sababu kazi zote nafanya kwa mkono wa kushoto. Alikuwepo Festo, mwanangu wa tatu, mwenye nyumba. Alikuwepo mkewe, Enesia. Na binti yao mdogo, Twilumba, aliyepewa jina la bibi yake mzaa mama. Huyo bibi mzaa mama, Twilumba mkubwa, ndiye aliyekuja. Yeye simhesabu katika wale wanne, maana tulikuwa tumemzika masika yakielekea mwisho.

Twilumba alikuwa mkwe mwenzangu, lakini ukwe ulikuja baadaye, watoto walipopendana. Kwanza tulikuwa wasichana wa pareto, yale maua meupe ya dawa ya kuulia wadudu. Tulichuma pamoja shamba la mzee Kadege, kule juu kwenye baridi, na wenzetu Veronika na Salome binti wa seremala, kila mtu na kapu lake kiunoni. Yeye ndiye aliyenifundisha kulifunga kapu kwa fundo la kukunja mara mbili. Kwa vile mimi ni mashoto, fundo langu likatokea limegeuka, kichwa chini. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundo lako limelewa, Mashoto!"

Tangu hapo, popote alipoliona fundo langu, alilijua.

Sasa, nyumba ya Festo hapa Njombe ni ya ghorofa, na juu ina roshani inayotazama bondeni. Hiyo roshani ni ya Enesia. Kila mwaka anapanda maua kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, na kila mwaka kipupwe kinamwonea. Sakitu inashuka usiku, ile baridi inayoganda juu ya majani kama chumvi, na kukicha maua yote yameungua, meusi, yanateleza mkononi kama mboga iliyosahauliwa chunguni. Mwaka huo mama yake alipotutoka, sakitu ya kwanza tu ilimaliza kila kitu. Enesia akakaa katikati ya makopo yake akaniambia, "Mama, mwaka huu sitaki kuona kitu kingine kinakufa."

Haikupita wiki akapita mchuuzi mmoja mwanamke. Jina lake silijui, na katika habari hii yote ndilo jina pekee nisilolijua. Alibeba beseni limejaa maua ya plastiki, marefu kama mizabibu. "Haya hayajui baridi, dada," akamwambia Enesia. Enesia akayachukua yote, akayafunga kwenye vyuma vya roshani kwa waya.

Mimi yalinichukiza tangu siku ile. Kijani chake kilikuwa kile cha maji ya dimbwi yaliyolala. Ukipita karibu, yananuka mafuta na vumbi. Mvua ikiyanyeshea, tone linaning'inia jani halilitaki. Mende wakapata pa kutagia, nikayaona mayai yao yamebanwa kwenye vikonyo kama mbegu za uongo. Lakini kila asubuhi Enesia alitoka na kikombe chake cha chai akakaa mbele ya maua yale, uso umetulia, na tangu msiba uso ule ulikuwa hautulii mahali pengine popote. Nani angemnyang'anya? Nikameza kinyaa changu.

Basi usiku ule, usingizini, naona kumekucha. Niko roshani, sakitu imelala juu ya vyuma kama unga uliomwagika. Twilumba amenipa mgongo. Amevaa gauni la bluu la kanisani, lile tulilomvalisha, miguu mitupu, na kiunoni ana kapu la pareto. Anapita kopo kwa kopo akigusa, kama alivyokuwa akigusa maua shambani, lipi limefunguka, lipi bado.

Akashika kijiti kikavu. "Hili limelala."

Akashika kingine. "Hili limekufa."

Halafu anafika kwenye plastiki. Anasogeza pua, na uso wake ukawa ule aliokuwa nao siku tulipokuta panya ndani ya mtungi, na sote tulikuwa tumekwisha kunywa.

"Na hili halijapata kuishi. Nani kamletea mwanangu?"

"Kanunua mwenyewe," nikamwambia. "Amechoka kuona vitu vinakufa."

Akachuma jani. Akalitia mdomoni akalitafuna, taratibu, na nikausikia ule mlio, kama mtu anayetafuna kucha. Akavunja jani jingine akanipa. Wazee walituonya: marehemu akikupa chakula ndotoni, usile. Nikarudisha mkono nyuma.

"Hiki si cha kwetu huko," akasema. "Ni cha kwenu. Tafuna."

Nikatafuna. Kwanza ladha ya mafuta ya taa. Kisha sabuni. Kisha vumbi la barabarani. Halafu chini kabisa ya ulimi ikaja ladha ya udongo mwekundu, na pamoja nayo nta ya mshumaa, na tumbo langu likaijua kabla ya kichwa. Twilumba akaegemea vyuma akatema, pwa, na mate yanaanguka, yanaanguka, na huko yanakoangukia si barabarani tena, ni shamba la mzee Kadege, jeupe la pareto mpaka ukingoni. Tunatembea ndani yake, kapu linagonga paja. Ninataka kumwuliza habari za Salome, aliyemtangulia. Lakini shamba linapungua, linapungua, mpaka linabaki pande moja tu la udongo mwekundu, na pande hilo ni kaburi lake.

Liko tupu kama kichwa kilichonyolewa. Tuliliacha limefunikwa mashada, hata udongo hauonekani. Sasa yamebaki matundu pale vijiti vya mashada vilipochomekwa. Akainama akatia kidole katika tundu moja, kama mwanamke anayepapasa kiazi.

"Hapa niliwekewa nini, Mashoto?"

Nikatazama mikono yangu. Nimeshika uzi mrefu wa maua ya roshani. Akaushika ncha na ncha, akaukunja, ncha zikakutana, na ule mzabibu ukawa duara. Ukawa shada. Akaligeuza. Kwa ndani, chini ya majani, pana fundo. Kipande cha kitenge cha kahawia chenye majogoo ya njano, na fundo kichwa chini.

Nikakumbuka. Siku ya mazishi, tukishuka kwenye gari, shada lilikatika waya. Nikachana pindo la kitenge changu nikalifunga, kwa fundo lile lile la kapu.

"Limelewa," akasema Twilumba. Safari hii hakucheka.

Hapo kinyaa kilinijaa mpaka kwenye meno. Nikaiona mikono ya mtu ikinyofoa maua juu ya kifua cha marehemu. Nikaiona ikiyasugua kwenye beseni kwa sabuni ya unga, ikiyanyoosha, ikienda kuyauza mlangoni kwa mtoto wa marehemu yule yule. Nikamwona Enesia na kikombe chake, asubuhi baada ya asubuhi, akituliza macho yake juu ya wizi. Nilitaka kuung'oa ulimi wangu nikauoshe.

"Nitamwambia nini mwanao?" nikauliza.

Twilumba akafungua kapu. Ndani mna miche ya pareto, imegawanywa kutoka shina la zamani, mizizi ina udongo wake, majani yamechanikachanika kama manyoya ya kifaranga, rangi ya mvi. Sakitu imeyafunika. Akaikung'uta, na chini yake ni kijani. Kijani cha kweli, chenye harufu kali ile iliyokuwa haitoki mikononi mwetu hata tukinawa kwa majivu.

"Huyu na baridi wamekua pamoja," akasema. "Mpe huyu kwanza. Hilo la wizi atalisikia pareto ikichanua."

Akaanza kuondoka, kisha akageuka, kama alivyozoea kugeuka mlangoni baada ya kuaga.

"Na makopo myatoboe! Pareto haipendi miguu kuloa."

Nikaamka. Mdomo mchungu, shuka limenikaba. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikajifunga kitenge nikatoka roshani, na sakitu ilikuwa pale pale kwenye vyuma, kama nilivyoiacha. Nikafunua majani ya plastiki, uzi mmoja, uzi wa pili. Nta ya mishumaa ya kaburini ilikuwa imeganda kwenye vikonyo. Nikafunua ule wa karibu na bomba la maji ya mvua.

Fundo lilikuwepo.

Mkono wa kushoto ulilifungua wenyewe, sikuulazimisha. Nikakiingiza kile kitambaa kifuani, kisha nikatapika ndani ya ndoo ya maua yaliyokufa. Festo akaita kutoka ndani, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia alale.

Enesia akatoka na chai yake. Akanikuta nakata waya.

"Mama! Mbona unayang'oa?"

"Mama yako amekuja usiku."

Akaweka kikombe chini polepole. "Amesemaje?"

"Ameyatafuna maua yako. Akayatema."

Akaziba mdomo. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Basi ni yeye! Chai yangu ya kwanza kuipika aliitema hivyo hivyo, mbele ya wageni!" Halafu machozi yakafuata, nikamwacha.

"Anataka upande pareto," nikamwambia.

"Pareto, mama? Juu ya ghorofa? Watu watatucheka, lile ni zao la shambani."

"Na wacheke. Wewe utakuwa na kijani, wao watakuwa na meno."

Yale maua sikuyachoma, moshi wake ungeinukisha nyumba nzima. Niliyafukia mbali na mboga. Miche nikaipata kwa Veronika, ambaye bado yuko kule juu na bado anapiga chafya kila akilitaja shamba la mzee Kadege. Tukaenda kaburini sisi wawili tu. Matundu tuliyakuta. Veronika akatema mate pembeni, akasema neno ambalo mjukuu wangu akilisoma ataniuliza maana yake, kwa hiyo siliandiki. Nusu ya miche tukaipanda pale, katika matundu yale yale. Nusu nikamletea Enesia, tukatoboa makopo.

Kipupwe kilikuwa bado kina nguvu. Kila asubuhi Enesia alitoka akiwa ameshikilia kifua, ana hakika leo atakuta meusi. Kila asubuhi alikuta mvi zile zile juu na kijani kile kile chini. Mende wakahama.

Kipupwe kilipokwisha, ua la kwanza likafunguka, jeupe, jicho la njano. Siku hiyo nikakaa naye roshani nikakitoa kile kitambaa, nikamweleza yote. Alikitazama sana. Akauliza jambo moja tu.

"Siku zote zile nilikuwa nakunywa chai mbele ya maua ya kaburi la mama?"

"Ulikuwa unakunywa na mama yako," nikamwambia.

Yule mchuuzi sijamsamehe. Nikifikiri beseni lake mate yananijaa mpaka leo, na nikiona kijani cha plastiki mahali popote, hata juu ya meza ya harusi, nakigeuza kwanza nitazame nyuma.

Mliokuwepo mazishini, kama nimekosea, nirekebisheni. Labda waya ulikatika kabla hatujashuka kwenye gari. Labda kitenge kilikuwa na picha za ndege kanga badala ya majogoo, Veronika anashikilia ni kanga. Labda Salome hakuwa binti wa seremala, alikuwa mpwa wake. Nitasikia, nami nitaandika upya. Lakini juu ya fundo asinirekebishe mtu. Tuliolijua fundo lile tulikuwa wawili, na wa pili amekwisha kuja kulishuhudia.