Zamu Yangu ya Kwenda Naviundu

Kabla vita havijafika mtaani kwetu Bel-Air, Jumamosi ilikuwa siku ya kupika wali. Mume wangu alifanya kazi ya reli, na mshahara wake ulitosha mchele na samaki wa sokoni Kampemba. Jirani yangu Kapinga, mwanamke wa jimbo la Kasai aliyeuza vitambaa, alipika vitu vya porini: mchicha wa lengalenga, uyoga wa mvua za kwanza, hata ugali wa ulezi, nafaka ambayo sisi tuliijua kwa pombe tu. Jumamosi moja aliniletea sahani. Nilimshukuru sana, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikawamwagia kuku. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikijiona mtu wa mji.

Jimbo letu la Katanga lilipojitenga na nchi, watu wa Kasai walianza kuangaliwa vibaya njiani. Mume wa Kapinga alitoka kutafuta njia ya kurudi kwao, hatukumsikia tena. Wenzao wengi walikimbilia kambi ya wakimbizi. Mimi nilimwambia Kapinga ahamie kwangu, yeye na Misenga, binti yake wa miaka minne. Wangu walikuwa wawili. Mume wangu alikuwa amekwama kaskazini pamoja na treni yake.

Kisha mapigano ya askari wa Katanga na wale wa kulinda amani yakaingia mjini. Maduka yakafungwa, na unga wa mahindi ukaisha ndani ya siku chache.

Kapinga ndiye aliyetulisha. Alisaga ulezi wangu wa pombe, akauchanganya na unga wa muhogo ili bukari, ugali wetu, ishikane. Alichoma maganda ya maharagwe, akapitisha maji kwenye majivu yake, na maji hayo yakalainisha majani ambayo mimi ningeyaita ya mbuzi. Alinionyesha uyoga upi uchumwe na upi uachwe. Nilijifunza haraka, maana watoto walikuwa wanalia.

Tulipeana zamu. Asubuhi mmoja aliteremka kuchuma kando ya mto Naviundu, mwingine akabaki na watoto.

Asubuhi ninayoisimulia, bunduki zilikuwa zimelia tangu alfajiri. Zamu ilikuwa yangu.

"Niko na homa," nikamwambia.

Kapinga aliweka mkono kwenye paji la uso wangu. Hapakuwa na joto lolote. Aliuacha mkono pale kidogo, kisha akauondoa.

"Lala tu," alisema. "Mi nitaenda. Batoto bakiamuka, ubape bukari ya jana."

Akachukua kikapu, akatoka.

Milio ilisikika upande wa mto. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

Sikuinuka.

Saa sita mchana alikuja mzee mmoja aliyelima bustani kule chini. Alisimama mlangoni na kikapu cha Kapinga mkononi. Alieleza kwamba risasi ilimpata akivuka mahali peupe, na kwamba yeye na mwanawe walimzika palepale kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumbeba barabarani. Nilimuuliza ni askari wa upande gani. Hakujua.

"Alikuwa ameshamaliza kuchuma," alisema. "Alikuwa anarudi."

Kikapu kilikuwa kimejaa. Halafu Misenga akasema ana njaa, nikaosha yale majani mara tatu, nikayapika kama mama yake alivyonifundisha, na karanga kidogo zilizobaki. Alipouliza mama yuko wapi, nilimwambia ameenda kambini kutafuta ndugu zao. Akala. Wanangu wakala. Mimi nami nilikula, tena niliongeza. Mboga ilikuwa tamu.

Nimeungama mambo mengi kwa mapadri. Hilo la kuongeza sijawahi kulitamka.

Mume wangu alirudi vita vilipoisha, na Misenga akakua kwetu. Alisoma, akawa mwalimu, akazaa. Aliniita mama. Alipofikia umri wa kuelewa nilimwambia kwamba mama yake aliuawa kwa risasi mtoni, na huo ulikuwa ukweli. Habari ya homa niliiruka, mwaka baada ya mwaka, hadi kuiruka kukawa kazi nyepesi.

Miaka miwili iliyopita niliugua kweli, nikaogopa kufa na siri hiyo. Nikamwita Misenga, nikamweleza habari ya ile homa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na ye alijua kama hauko mugonjwa?" aliuliza.

"Alijua," nikasema.

Hakulia, wala hakunitukana. Alinifunika blanketi, akaaga, akaenda.

Bado anakuja kila Jumapili baada ya misa. Ananisalimu kwa heshima ileile, ananiuliza habari za dawa, anakaa saa nzima. Chakula kikiletwa anasema ameshiba. Bado ananiita mama. Ila kwangu hajala tena, na mimi sijamuuliza ni hadi lini.